Fimbo ya Mbali: Habari za Dawa na Vijiji vya Tanganyika

Leo twataka kuzungumza habari za dawa. Hatutasema ni dawa gani iponyayo ugonjwa gani, kwani kazi hiyo ni ya waganga wenyewe. Twataka kueleza njia ambayo dawa ilipita kutoka miji ya pwani hata ikafika vijijini, na taabu zilizoizuia njiani. Wahenga walisema, Fimbo ya mbali haiui nyoka. Dawa nayo ni fimbo. Ikiwa imewekwa vizuri katika kabati la mjini, na nyoka yuko nyumbani kwako, itakufaa nini?

Sisi walimu tuna desturi ya kuwatuma wanafunzi wetu kwa wazee wakaulize mambo ya zamani, wakarudi na kuyaandika. Mara moja tuliwaambia wakaulize, Kabla ya kijiji kuwa na zahanati, mgonjwa alichukuliwaje? Karibu wote walirudi na neno moja, nalo ni machela. Kitanda cha kamba kilifungwa katika mti mrefu, watu wanne wakakitia mabegani, na wanne wengine wakafuata nyuma ili kupokezana. Walilala njiani siku moja au mbili. Mzee mmoja, aliyekuwa mtoto siku zile, alimweleza mwanafunzi wetu habari za ndugu yake aliyeshikwa na homa wakati wa palizi. Watu wa kuchukua machela walikuwa mashambani, wakasema, "Na tungoje kesho, labda homa itashuka." Kesho yake waliondoka alfajiri, na mtoto akafa kabla ya kuvuka mto wa kwanza. Mzee alisema, "Baadaye nilipokuwa mtu mzima niliziona tembe za kwinini. Nikalia, kwa kuwa zilikuwa ndogo sana." Basi maneno haya ndiyo yaliyotufanya tuandike mazungumzo ya leo.

Zamani, kabla ya wageni kuja, watu hawakukaa bila matibabu. Kila nchi ilikuwa na waganga wake, waliojua mizizi na majani, na kuunga mifupa, na kuzalisha. Wengine walikuwa hodari na wengine walikuwa wadanganyifu, kama ilivyo katika kila kazi. Lakini mganga alikuwa na sifa moja ambayo hospitali ilichukua miaka mingi kuipata: alikuwa karibu. Mgonjwa alimjua, alijua na lugha yake, tena aliweza kumlipa kuku leo na mtama wakati wa mavuno. Hata neno letu la chanjo latoka kwake. Mganga alimchanja mtu ngozi kwa wembe akapaka dawa; na kinga ya ndui ilipokuja, nayo ikitiwa katika ngozi iliyokwaruzwa, watu hawakuhitaji neno jipya. Walisema, "Tumechanjwa."

Hospitali za namna mpya zilianza pwani. Mwaka 1897 Wadachi walimaliza hospitali ya Wazungu katika Dar es Salaam, ufukweni mwa bahari mahali penye upepo mwema. Mwaka huohuo ilikuwapo na hospitali nyingine mjini, ya Waafrika na Wahindi, iliyojengwa kwa fedha ya Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo mwenye asili ya Bara Hindi. Huko bara, tabibu alikaa katika boma pamoja na askari, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwatibu hao askari. Mtu wa shamba alimwona kwa nadra. Chanjo ya ndui ndiyo iliyotoka ikawaendea watu, kwa sababu ndui haichagui boma wala shamba. Lakini dawa ile ilikuwa kama maziwa, jua liliiharibu njiani. Wengine walichanjwa kwa dawa iliyokwisha kufa, wakaugua ndui, nao majirani wakaona kuwa chanjo ni uongo. Kumbe kosa lilikuwa la safari. Taabu hiyo haikwisha hata miaka ya 1950, wataalamu walipopata njia ya kuikausha dawa iwe unga, ikaweza kustahimili joto.

Kisha vikaja vita vya mwaka 1914. Majeshi yalipita nchini miaka minne, na mizigo yao ilichukuliwa kwa vichwa vya wapagazi. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, na walio wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, na homa, na njaa. Jina la mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam ni ukumbusho wa kikosi chao. Waliobaki walirudi makwao wakakutana na homa ya mafua ya mwaka 1918, iliyoenea dunia nzima, na mahali pengi njaa ikaifuata. Twawaomba wanafunzi waliangalie jambo hili vizuri: njia ileile ipitishayo dawa ndiyo ipitishayo na ugonjwa, nao ugonjwa hauhitaji mpagazi.

Baada ya vita nchi ikawa chini ya Waingereza, na hapo ndipo inapoanza habari ya sindano ya buba. Vijana wa leo wengi hawaijui buba. Ni ugonjwa wa vidonda, unaoenea kwa kugusana ngozi, hasa kwa watoto wachezao pamoja, mahali penye joto na unyevu na uhaba wa maji na sabuni. Vidonda huota usoni na miguuni. Nyayo hupasuka hata mtu hawezi kukanyaga. Na ukiachwa miaka mingi hula ngozi na mifupa. Hauui kwa haraka, lakini humwondoa mtu shambani, na mtoto asiyeweza kukanyaga haendi shuleni.

Katika miaka ya 1920 waganga walileta sindano ya dawa iliyotengenezwa kwa madini ya bizimathi, ambayo bei yake ilikuwa nafuu kuliko dawa za kwanza za Ulaya. Watu walistaajabu. Vidonda vya miaka vilikauka kwa majuma machache. Hapo mambo yakageuka: watu waliokuwa wakiikimbia hospitali wakaanza kuitafuta. Walitembea siku nyingi, wakalala nje ya milango, wakangoja zamu. Wengi waliamini sindano tangu siku zile, hata leo wako wazee wanaoona kuwa mganga asiyepiga sindano hakutibu kitu. Lakini lilikuwako kosa. Mtu alipoona kidonda kimefunga baada ya sindano ya kwanza, alirudi kwake akalime, asingoje ya pili wala ya tatu. Na ugonjwa uliojificha mwilini ukatoka tena, ukawaambukiza wadogo zake. Tusiwaite wajinga. Nani awezaye kuacha shamba lake majuma sita, akae ugenini bila chakula, hali kidonda chake kimepona machoni pake? Hapo ndipo serikali nayo ilipoelewa kwamba mgonjwa akishindwa kuifuata dawa, haina budi dawa imfuate mgonjwa.

Kuanzia mwaka 1926 serikali za wenyeji ziliwekwa kwa sheria, zikawa na hazina zao zilizopata sehemu ya kodi, na katika hazina hizo zilitoka fedha za zahanati ndogo. Wazee waliziita dispensari. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye paa la nyasi, na ndani yake mtu mmoja aliyefundishwa miezi kadhaa katika hospitali ya wilaya. Wenzake walimwita dresa, kwa kuwa kazi yake kubwa ilikuwa kufunga vidonda. Alikuwa na meza, na chupa ya aidini, na kwinini, na chumvi ya haluli, na vitambaa, na daftari la kuandika majina. Ugonjwa mzito hakuuweza, naye aliambiwa aupeleke hospitali. Lakini hakupewa gari la kuupelekea. Basi machela ilirudi palepale.

Wako waliowacheka madresa kwa elimu yao ndogo, na ni kweli kwamba walikosea mara nyingi. Lakini twataka kusema mambo mawili kwa ajili yao. La kwanza, walikuwa watu wa nchi, walioweza kumwambia mama kwa lugha yake mwenyewe kwa nini akiokoshe kidonda cha mtoto kila siku. La pili, mishahara yao ilitoka katika kodi ya wakulima. Twasikia mara nyingi kwamba zahanati zile zilikuwa zawadi. Si zawadi. Mwanakijiji alizilipia kwa shilingi zake, na kwa haki yake alidai ziwe nzuri kuliko zilivyokuwa.

Wamisioni nao walikuwa na kazi yao, na katika nchi ya kusini ndio waliotangulia. Masasi walifika mwaka 1876, na kila kituo kikawa na mahali pa kuganga, ingawa mara nyingi aliyeganga alikuwa padre mwenye kitabu na sanduku la dawa. Mwaka 1935 alikuja Lulindi, katika wilaya hiyo, daktari kijana wa kupasua jina lake Leader Stirling. Alikuta majengo ya udongo na nyasi, naye hakungoja majengo ya mawe. Alipasua wagonjwa humo, akawafunza vijana wa palepale kuwa wauguzi, ili kazi isimtegemee yeye peke yake. Alikaa katika nchi hii mpaka alipofariki mwaka 2003, na tangu mwaka 1975 hata 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Sisi tuliozoea kufundisha twaona siri ya kazi yake ilikuwa kufunza wenyeji. Hospitali ya mtu mmoja hufa na mtu huyo.

Ilikuwako njia nyingine ya kuufupisha umbali, nayo ni kuwahamisha watu wenyewe. Malale, ugonjwa uletwao na mbung'o, ulipoingia nchi za magharibi na za ziwa katika miaka ya 1920, maelfu ya watu waliamriwa kutoka katika makao yao ya porini, wakakusanywa katika vijiji vikubwa vilivyofyekwa, ili mbung'o wakose kivuli na mganga apate kuwaona watu mahali pamoja. Ugonjwa ulipungua mahali pengi. Lakini watu waliacha makaburi ya wazee wao, na miti ya asali, na mashamba waliyoyajua, na nyumba zao zikarudi kuwa pori. Faida ilikuwako na hasara ilikuwako, wala si haki kuitaja moja na kuisahau ya pili.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wenyeji walikuwa 12 tu. Hebu fikirini: madaktari 12 kwa nchi inayotoka Ziwa Nyasa mpaka Kilimanjaro! Chuo cha kufundisha madaktari kilifunguliwa katika Dar es Salaam mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa tangu mwaka 1972, serikali iliamua kuweka nguvu zake katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini, badala ya kuzimaliza katika hospitali kubwa za mijini. Kisha, kati ya miaka 1973 na 1976, mamilioni ya watu walihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Wengine walikwenda kwa hiari na wengine kwa nguvu. Shule na zahanati zilikuwa karibu kuliko kwanza, lakini nyumba nazo zilikaribiana. Na mahali ambapo vyoo na maji havikutangulia, kuhara kulitangulia.

Kwa ajili hiyo twapenda kukumbuka mwaka 1973, kwa kuwa mwaka ule redio yenyewe ilikuwa mganga. Kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya iliendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pamoja na idara za afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wapatao 2,000,000 walikusanyika katika vikundi kijijini, majuma 12, kila juma wakisikiliza mazungumzo katika redio. Mazungumzo yakiisha, mmoja alisoma kijitabu kwa sauti, kwani wengi hawakujua kusoma, wakajadiliana, kisha wakainuka kufanya. Walisikia habari za malaria, wakafyeka majani na kufukia vidimbwi. Walisikia habari za safura, kwamba mdudu wake huanguliwa katika udongo uliochafuliwa kwa choo, akapenya unyayo wa mtu asiye na viatu, akanywa damu tumboni, wakachimba vyoo. Walisikia habari za kichocho, kwamba hutoka kwa mtu aliyekojoa majini, akaingia katika konokono, akamrudia mtu aogaye. Wakawakataza watoto kucheza katika madimbwi. Kifua kikuu na kuhara damu pia vilisemwa. Katika kazi hii hakuna aliyebebwa kwa machela. Maarifa yalifika hewani, hata mahali ambapo gari halikufika.

Siku zilezile ndui ilikuwa ikifukuzwa duniani. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali ya Merca katika Somalia, Ali Maow Maalin, mwaka 1977, naye akapona. Mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha. Ilishindwa kwa sababu wachanjaji waliufuata ugonjwa nyumba kwa nyumba mpaka mlango wa mwisho. Buba ilikaribia kushindwa vivyo hivyo. Kati ya miaka 1952 na 1964, vikosi vya kutembea vilivyochukua penisilini, sindano moja tu, vilipita katika nchi 46, na wagonjwa wakapungua karibu 95 katika kila 100. Kisha wakuu wakaona kazi imekwisha, wakahamisha fedha na watu. Nayo buba ikarudi katika nchi kadha wa kadha, kama Ghana. Kidonda kilichofunga machoni si kidonda kilichopona. Kosa la mkulima wa miaka ya 1920 lilifanywa na wakubwa wa dunia.

Nasi vilevile tulijifunza kwa uchungu kwamba zahanati kuwa karibu hakutoshi. Katika miaka ya 1980 nchi ilikuwa maskini baada ya vita na kupanda kwa bei za mafuta. Nyumba za zahanati zilikuwapo, wauguzi walikuwapo, lakini rafu zilikuwa tupu. Mtu alitembea nusu saa badala ya siku mbili, akaambiwa, "Dawa hakuna." Hapo masanduku ya dawa yakaanza kuletwa kwa msaada wa Denmark, yakaokoa wengi, ila masanduku yalifanana, na nchi hazifanani, hata pengine dawa moja ikabaki na nyingine ikaisha. Mwaka 1993 ulianza mtindo wa wagonjwa kuchangia gharama katika hospitali za serikali, na umbali mwingine ukazaliwa, umbali wa mfuko. Mwaka 1996 wilaya ya Igunga ilijaribu njia ya watu kuchanga fedha wakati wa mavuno, wakiwa wazima, ili wakiugua watibiwe. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote.

Wilaya mbili zilitufundisha jambo jingine, nazo ni Rufiji na Morogoro vijijini. Kuanzia mwaka 1997 wakuu wa afya wa huko walipewa fedha kidogo za kuongezea, na njia ya kuhesabu: magonjwa gani yaua watu wetu, na fedha zetu twazitumia kwa magonjwa gani? Walipolinganisha hesabu hizo mbili, waliona hazilingani. Malaria na magonjwa ya watoto yaliua wengi, yakapata fedha chache. Wakazigeuza fedha zikafuata vifo. Katika miaka mitano hivi, vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa zaidi ya 40 katika kila 100. Hakuna hospitali kubwa iliyojengwa. Watu walifungua daftari wakaliamini.

Basi, wasikilizaji, tumefika mwisho. Mwaka 2007 serikali ilikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya, na vijiji vingi vimepata. Lakini nyumba ni mwanzo tu. Twawaomba wanafunzi wafanye kazi hii: pimeni njia kutoka nyumbani kwenu mpaka dawa ilipo. Hesabuni saa za miguu, na mito inayofurika masika. Ulizeni nauli ni kiasi gani. Ulizeni ni mara ngapi mwaka huu watu wamerudi mikono mitupu. Kisha andikeni, mkalisome daftari lenu mbele ya wazee na viongozi katika mkutano wa kijiji. Msitukane mtu, someni hesabu tu.

Yule mzee wa machela alilia kwa sababu ya tembe ndogo. Dawa ilikuwako duniani siku ile ndugu yake alipokufa, wala haikuhitaji mtu wa kuivumbua. Ilihitaji mtu wa kuileta. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kuisogeza fimbo ni kazi yetu sote.